Memori kadi ya TB 2 kwa shilingi elfu 25: video za harusi zimekwenda wapi?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mpiga video wa harusi, nipo Morogoro. Mwezi uliopita nilinunua memori kadi ndogo, ile inayoingia kwenye simu na droni, imeandikwa 2TB, kwa shilingi elfu 25. Niliijaribu kwa video ya dakika tano, ikafanya kazi. Ijumaa nikarekodi sendofu, Jumamosi ndoa kanisani na sherehe ukumbini, zote kwenye kadi hiyo moja, Full HD. Kwenye kompyuta majina ya mafaili yote yapo na ukubwa wake unaonekana, ila yanayofunguka ni ya sendofu na ya kanisani tu. Nimejumlisha, kompyuta inasema GB 58. Ya ukumbini halichezi hata moja. Fundi mmoja kaniambia nifomati kisha nitumie programu ya kurudisha. Mwingine anasema memori kubwa zote ni uongo, kitu cha ukubwa wa ukucha hakiwezi kubeba TB 2. Halafu ninayo nyingine ya GB 128: kompyuta inaonyesha 119, ina alama ya U yenye 1 ndani, imeandikwa 100MB/s, lakini kamera ikirekodi 4K kwa megabiti 100 inakatisha yenyewe. Nayo ni feki? Maharusi wanaulizia video yao. Naomba msaada."

Marahaba, mdogo wangu, na pole sana. Najua uzito wa jambo hili. Harusi hairudiwi, na anayedaiwa video ni wewe, si aliyekuuzia kadi. Nitakujibu yote, lakini kabla hujasoma zaidi, toa hiyo kadi kwenye kamera na uiweke pembeni. Usirekodi chochote juu yake, usiifomati, usiipitishie programu yoyote ya kujaribu kadi. Kompyuta ikikuletea ujumbe kwamba diski inahitaji kufomatiwa, kataa. Ile kadi kubwa ya kuvalishia, adapta, ina kiswichi kidogo pembeni. Kisukume upande wa kufunga kabla ya kuichomeka, ili kompyuta isiandike kitu kwa bahati mbaya.

Huyo fundi aliyekwambia ufomati alikuwa na nia njema, ila ushauri wake ungekuumiza. Kufomati huanzisha upya daftari la mafaili, na daftari hilo ndilo linalotuonyesha sasa kila video ilipaswa kukaa wapi. Bado tunalihitaji.

Sasa hiyo GB 58 uliyoijumlisha. Ni namba ndogo, lakini imenieleza mengi kuliko maneno yote yaliyochapwa juu ya kadi. Watengenezaji wa hifadhi huhesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja kamili. Windows huhesabu kwa mafungu ya 1,024, kwa hiyo GB yake moja ni baiti 1,073,741,824. Gawanya bilioni 128 kwa namba hiyo, utapata 119.2. Kadi yako ya GB 128 haijaibiwa kitu, inaonyesha kile inachopaswa kuonyesha, na tofauti hiyo peke yake isikutie wasiwasi. Rudia hesabu hiyo kwa kadi ya GB 64: utapata 59.6. Video zako nzima zimeishia GB 58, na hapo bado kuna nafasi kidogo ya daftari na ya faili moja lililokatika katikati. Inaelekea sana, basi, kwamba ndani ya kadi yako ya "TB 2" mna chipu ya GB 64.

Utauliza, kama ni ya GB 64, mbona kompyuta inaona TB 2, na mbona majina ya video za ukumbini yapo? Hapo ndipo watu wengi wanapodhani kadi "imeharibika" wakati haijaharibika hata kidogo. Kila memori kadi, hata ile ya bei ndogo kabisa, ina kompyuta ndogo ndani yake. Ndiyo inayopokea data, kuipanga kwenye chipu, kuruka sehemu mbovu, na kujibu kamera inapouliza, "Una nafasi kiasi gani?" Jibu lake ni programu tu, na programu inaweza kubadilishwa. Mwezi Desemba 2013, kwenye mkutano wa wataalamu wa kompyuta mjini Hamburg, Andrew Huang na Sean Cross walionyesha wazi jinsi kompyuta hizo za ndani ya kadi zinavyoweza kuandikiwa programu nyingine. Mtengenezaji wa kadi bandia hufanya hivyo hivyo: huchukua chipu ndogo, huifundisha kusema ina TB 2, halafu huchapa maneno juu ya plastiki.

Fikiria karani wa ghala la mahindi aliyeambiwa na tajiri wake asimrudishe mtu mlangoni. Magunia yakija anaandika daftarini "yamepokelewa," anagonga muhuri. Ghala limejaa tangu saa nne asubuhi, lakini anaendelea kuandika, na magunia yanamwagwa nje. Jioni ukisoma daftari, hesabu imekamilika. Ukifungua ghala, hakuna. Daftari la mafaili hukaa mwanzoni mwa kadi, sehemu ambayo ni ya kweli, ndiyo maana majina na ukubwa wa video zote vipo. Video yako ya majaribio ya dakika tano nayo ilikaa mwanzoni, ndiyo maana ilicheza. Kadi ya namna hii hufaulu kila jaribio fupi. Huumbuka siku ya kazi yenyewe.

Kuna za aina mbili. Moja, ikijaa, huzunguka na kuanza kuandika juu ya data ya mwanzo, kwa hiyo hupoteza ya zamani. Ya pili huachia kila kitu kinachozidi kipotee. Kwa kuwa sendofu yako ya Ijumaa ni nzima, wewe umeangukia ya pili. Sitakuficha: sehemu kubwa ya sherehe ya ukumbini haikufutika, kwa sababu haikuandikwa popote. Hakuna programu, wala maabara ya nchi yoyote, itakayorudisha kitu ambacho hakikuhifadhiwa. Nakusisitizia hili kwa sababu utakutana na mtu atakayekuomba laki mbili au tatu akuahidi video zote. Usimpe. Ila kuna kipande kimoja ambacho huenda kipo, nami nitakirudia mwishoni.

Huyo fundi wa pili, anayesema kadi kubwa zote ni uongo, namwelewa. Ameona feki nyingi. Lakini amekosea, na nataka nikueleze kwa nini, maana habari yenyewe inastahili kujulikana.

Mwaka 1956 kampuni ya IBM ilitoa mashine ya kuhifadhi data iliyoitwa RAMAC. Ilikuwa na sahani 50, kila moja pana kuliko sinia la pilau, na uzito wake ulikuwa kama tani moja. Uwezo wake wote: herufi milioni 5, yaani si zaidi ya megabaiti 5. Kadi halisi ya TB 1 inabeba data ya mashine zisizopungua 200,000 za aina hiyo. Na kadi hiyo ina urefu wa milimita 15, upana wa milimita 11 na unene wa milimita 1. Ilianza mwaka 2004 kwa jina la TransFlash, mwaka uliofuata ikaitwa microSD, na wakati huo uwezo wake ulihesabiwa kwa megabaiti. Mwaka 2014 ikafika GB 128, mwaka 2017 GB 400, na Februari 2019 za TB 1 zikatangazwa. Leo za TB 2 zipo kweli sokoni. Umbo halijaongezeka hata unywele.

Limewezekanaje? Ndani ya chipu kuna mabilioni ya seli, na kila seli ni kama kisima kidogo kilichozungukwa na ukuta usiopitisha umeme. Ukisukuma elektroni kwa nguvu, zinapenya ukuta na kunasa ndani, na hata ukizima umeme zinabaki. Kilichojaa ni sifuri, kitupu ni moja, na kila sifuri au moja ndiyo huitwa biti. Mbinu hii ya kuhifadhi, ikiwa na uwezo wa kufuta fungu zima la seli kwa mkupuo, ni kazi ya Fujio Masuoka na wenzake wa kampuni ya Toshiba, Japani. Aliiwasilisha mwaka 1984, na mwaka 1987 wakaleta aina ya NAND ambayo ndiyo iliyo kwenye kadi zako. Wewe kama mpiga picha utalipenda hili: jina "flashi" lilipendekezwa na mwenzake, Shoji Ariizumi, kwa kuwa kufutika kwa data mara moja kulimkumbusha mmweko wa flashi ya kamera.

Kwa miaka mingi njia ya kuongeza uwezo ilikuwa kupunguza ukubwa wa seli. Ikafika mahali seli zikawa ndogo mno, elektroni zinazonaswa ni chache, na jirani anamsumbua jirani. Njia ikaziba. Wakafanya kile ambacho Kariakoo imefanya: kiwanja ni kilekile, wakapanda juu. Mwaka 2013 Samsung ilianza kuuza chipu zenye tabaka 24 za seli, moja juu ya nyingine. Mwaka 2022 Micron ilikuwa na chipu ya tabaka 232. Juu ya hapo, chipu zenyewe husagwa hadi kuwa nyembamba sana, kisha hupangwa nane au kumi na sita kama chapati kwenye hotpoti, zote ndani ya ile milimita moja.

Njia nyingine ni kuifanya seli moja ibebe biti zaidi ya moja. Badala ya kuuliza tu kama kisima kina maji au hakina, unapima maji yamefika wapi. Ukiweza kutofautisha vimo vinne, seli inabeba biti mbili. Vimo vinane, biti tatu. Vimo kumi na sita, biti nne. Hapa ndipo faida inapokuja na gharama yake. Kumwaga maji hadi kimo kimoja kati ya kumi na sita kunataka umakini na muda, kwa hiyo kuandika kunakuwa polepole. Ukuta wa seli huchakaa kila unapoandika na kufuta: seli za biti moja huvumilia mizunguko inayofika 100,000, za biti tatu huhesabiwa kwa maelfu machache, na za biti nne ni pungufu ya hapo. Tena elektroni huvuja taratibu, hasa kwenye joto, na kisima chenye vimo kumi na sita kikivuja kidogo tu tayari kinasomeka vibaya. Ndiyo maana siwashauri kamwe wapiga video kuacha harusi za wateja kwenye kadi ndani ya droo kwa miaka. Kadi ni chombo cha kusafirishia. Ghala ni diski, na ziwe mbili.

Kwa hiyo TB 2 kwenye ukucha ni kweli, lakini kilichomo ni chipu nyingi za hali ya juu, na bei yake kwa sasa inahesabiwa kwa laki kadhaa za shilingi. Kwa elfu 25 haiwezekani, hata kama muuzaji ni mtu mwema aliyefungua boksi mbele yako. Mara nyingi hata yeye hajui. Kuna dalili moja ya haraka dukani: angalia alama iliyo pembeni ya jina la kadi. SD tupu huishia GB 2. Yenye HC huishia GB 32. Yenye XC, iliyowekwa mwaka 2009, hufika TB 2. Yenye UC, ya mwaka 2018, inaruhusu hadi TB 128, ingawa kadi ya ukubwa huo bado haijatengenezwa. Ukiona kadi imeandikwa 512GB au 2TB na pembeni ina HC, irudishe mezani papo hapo, maana imejisuta yenyewe. Ila kukuta XC si ushahidi kwamba ni halisi. Kuchapa herufi ni rahisi.

Tuje kwenye ile ya GB 128. Kwa maelezo yako sioni dalili ya ufeki, ingawa nitakwambia jinsi ya kuhakikisha. Kinachokukwaza ni kasi, na hapa lawama iko kwa jinsi kasi inavyoandikwa. Ile 100MB/s ni kasi ya kusoma, ya juu kabisa, katika hali nzuri kabisa. Kamera haisomi inaporekodi, inaandika. Tena kamera haijali kasi ya juu, inajali kasi ya chini. Ikiwa kadi inapokea kwa kasi kwa sekunde kumi halafu ikasita sekunde mbili, video inakatika.

Kadi husita kwa sababu ya maumbile yake. Haiwezi kuandika juu ya data ya zamani moja kwa moja: ni lazima kwanza ifute fungu zima, na kama ndani ya fungu kuna kitu kinachohitajika, ikihamishe kwanza. Kadi nyingi pia hutenga sehemu ya seli zinazoandikwa kwa biti moja moja ili zipokee haraka, kisha baadaye huhamishia kwenye seli za biti tatu au nne. Sehemu hiyo ikijaa katikati ya nyimbo za kwaya, kasi inaporomoka. Ndiyo sababu kadi ileile inarekodi vizuri ikiwa tupu, na inakusumbua ikiwa imebaki na nafasi kidogo.

Alama ndogo ndizo zinazosema kasi ya chini iliyoahidiwa. U yenye 1 ndani ni megabaiti 10 kwa sekunde. U yenye 3 ni megabaiti 30. V30 nayo ni 30, V60 ni 60, V90 ni 90. Kamera yako inarekodi megabiti 100 kwa sekunde. Biti si baiti, baiti moja ni biti nane. Gawanya 100 kwa nane: kamera inadai megabaiti 12.5 kila sekunde, bila kupumzika, na kadi yako imeahidi 10. Kadi haijakudanganya. Umeipa kazi iliyozidi ahadi yake. Kwa 4K ya megabiti 100 nunua V30, na hiyo ya U1 ibaki kwa Full HD na picha za mnato, itakuhudumia vizuri.

Utaona pia kadi zimeandikwa A1 au A2. Hizo ni kwa ajili ya simu zinazoendesha programu kutoka kwenye kadi, zinapima kusoma na kuandika vipande vidogo vidogo vingi. Kwa video hazikuongezei kitu. Na zile zilizoandikwa 170 au 200MB/s? Njia ya mawasiliano iliyo kwenye kamera nyingi, UHS-I, mwisho wake ni megabaiti 104 kwa sekunde. Kuzidi hapo ni kwa kisomeo maalumu cha mtengenezaji huyohuyo. Ukitumia kile kisomeo cha bei ndogo cha USB 2.0, hata 60 hufiki. Kuna kizazi kipya, microSD Express, kilichotangazwa mwaka 2019, kinachoweza kufika megabaiti 985, na mashine ya michezo Nintendo Switch 2 iliyotoka mwaka 2025 inataka kadi za aina hiyo tu kwa kuongeza nafasi ya michezo. Ni kasi ya ajabu kwa kitu kidogo namna hii. Lakini kadi hizo zina safu ya pili ya vigusio ambayo kamera yako haina pa kuigusa, kwa hiyo itaitumia kwa kasi ya kawaida na utakuwa umelipa bure.

Kuhakikisha kadi ni halisi, njia ni moja: ijaze yote, kisha uisome yote na ulinganishe. Programu ya H2testw kwenye Windows na F3 kwenye Linux na Mac hufanya hivyo, zote ni za bure. Kadi ya GB 128 ikiandikwa kwa megabaiti 20 kwa sekunde inachukua kama saa moja na dakika hamsini kuijaza, na muda mwingine wa kuisoma. Anzisha usiku, ulale. Fanya hivyo kwa kila kadi mpya siku unayoinunua, wakati risiti bado iko mkononi, na kabla haijaguswa na harusi ya mtu. Narudia tena: usiifanyie hiyo yenye sendofu.

Kama ningekuwa kwenye nafasi yako nisingenunua TB 2 hata ya halali. Ningenunua kadi nne za GB 128 za V30. Moja kwa kanisani, moja kwa ukumbini, mbili za akiba. Kadi ikifa au ikipotea, unapoteza saa mbili, hupotezi siku nzima. Kamera ikiwa na matundu mawili ya kadi, rekodi kwenye zote mbili kwa pamoja. Watu wanatamani kadi moja kubwa kwa sababu hawataki kubadilisha katikati ya tukio, nami naelewa usumbufu huo, ila nimepokea mezani kwangu kadi nyingi mno zilizobeba shughuli nzima peke yake.

Pesa yako: rudi kwa muuzaji na risiti, mweleze bila ugomvi, mwambie uko tayari kuijaribu nyingine ya aina hiyo mbele yake. Akikataa kukusikiliza, Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia nchini, na malalamiko kutoka kwa mnunuzi mmoja mmoja yanapokelewa. Lakini usimwachie kadi hiyo kwanza. Ina kazi moja imebaki.

Kipande nilichokuahidi ni hiki. Video zinazofunguka zimeishia GB 58, chipu inaelekea kuwa na 59.6. Katikati hapo kuna hadi GB moja na nusu hivi ya data ya kweli, na hiyo ni ya faili la kwanza lisilofunguka. Halifunguki kwa sababu faili la MP4 kwa kawaida huweka fahirisi yake mwishoni, baada ya kurekodi kukamilika. Mwisho wa faili ulimwagwa nje ya ghala, kwa hiyo kichezeshi hakijui picha zinaanzia wapi, ingawa picha zenyewe za mwanzo zipo. Kama ulirekodi kwa megabiti 25, GB moja na nusu ni kama dakika nane. Fikiria ni nini hutokea ukumbini katika dakika nane za kwanza: mara nyingi ni kuingia kwa maharusi.

Fanya hivi. Kadi ikiwa imefungwa kwa kiswichi, nakili kwanza kwenye diski mafaili yote mazima ya sendofu na kanisani, na uyafungue moja moja kuhakikisha. Kisha nakili kadi yenyewe kama ilivyo, baiti kwa baiti, kwa ddrescue au programu inayofanana nayo. Huna haja ya diski ya TB 2, iambie isome GB 70 za mwanzo tu, huko mbele ni hewa. Baada ya hapo nakili lile faili la kwanza la ukumbini, hata likikuletea makosa, na ulipeleke kwenye programu iitwayo untrunc pamoja na faili moja zima la sendofu lililorekodiwa kwa kamera ileile na mpangilio uleule. Programu hulitazama lile zima, hujifunza jinsi kamera yako inavyopanga picha na sauti, kisha hujenga fahirisi mpya kwa lile lililokatika.

Ikiwa hujawahi kutumia programu hizi, au kadi inapata joto, au kompyuta inaipoteza kila baada ya dakika chache, acha hapo na umtafute mtu wa kurudisha data ana kwa ana. Muulize maswali matatu kabla ya kumpa: atatengeneza nakala ya kadi kabla ya kuigusa? Utalipa nini asipopata kitu? Na video za wateja wako zitakaa wapi baada ya kazi? Anayeanza kuichomeka kwenye simu yake ili "aone kwanza," chukua kadi yako uondoke. Kadi iliyovunjika au isiyosomeka kabisa ina njia nyingine, ya kukwangua ngozi ya juu na kusoma chipu moja kwa moja kupitia vigusio vilivyofichwa, lakini hiyo ni kazi ya maabara, ni ghali, na kwa kadi yako haihitajiki.

Maharusi waambie leo, usingoje matokeo. Waambie kanisani na sendofu zipo salama, ukumbini umeathirika, na unakusanya. Kisha anza kukusanya: mpiga picha za mnato huwa na vipande vifupi vya video, MC na DJ mara nyingi hurekodi kazi zao, na kundi la WhatsApp la kamati ya harusi lina video zaidi ya unavyodhani. Omba watume mafaili halisi kama nyaraka, si kama video za kawaida, maana zikitumwa kama video hubanwa na ubora unashuka.

Ukimaliza kunakili, niandikie ukubwa wa faili la kwanza la ukumbini na aina ya kamera yako. Kama untrunc itakataa, nitakwambia mpangilio wa kujaribu kabla hujatumia shilingi kwa mtu mwingine.